Siko seli haitoki kwenye maziwa ya mama

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu na naona nikiendelea kunyamaza nitakuwa namkosea dada yangu.

Dada alijifungua mtoto wa kike, mzima kabisa, ananyonya vizuri, anacheka na kila mtu. Kufika miezi minane hivi mtoto akaanza kuvimba vidole, vya mikono na vya miguu, vimejaa vinang'aa, ukimgusa tu analia mpaka sauti inakauka. Zahanati ya kwanza tuliyoenda wakasema malaria, tukapewa dawa, hali ikatulia halafu ikarudi vilevile. Huku nyumbani mama mkwe wake alishatoa hukumu, mtoto alizaliwa mzima kaharibikia mikononi mwako, maziwa yako mabaya, na ukoo wetu hauna damu ya hivyo. Yani dada akaacha kunyonyesha kwa maneno hayo. Tulipokuja kupima hospitali kubwa majibu yakatoka SS, yani siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mimi nimesoma kemia na baiolojia mpaka form six na haya mambo tuliyakariri kwa ajili ya mtihani basi, sikuwahi kufikiria kama siku moja nitayahitaji ndani ya familia. Nikarudi kuyasoma upya usiku mmoja nikaumia sana, maana kila neno alilotupiwa dada lina jibu mle.

Chembe moja nyekundu ya damu ina himoglobini kama milioni 270, hizo ndio zinabeba oksijeni kutoka mapafuni. Himoglobini ni protini, na protini ichukulie kama mkufu wa shanga, shanga zenyewe ni amino asidi. Himoglobini moja ina mikufu minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na huo wa beta una shanga 146. Sasa kwa mgonjwa wa siko seli shanga 145 ziko sawa kabisa, ni ile ya 6 tu, palipotakiwa kukaa asidi ya glutamiki imekaa valini, kisa herufi moja kwenye DNA, yale maandishi ya urithi tunayopewa na wazazi, penye A pamekaa T. Glutamiki inapatana na maji, valini inayakimbia kama mafuta yanavyoyakimbia, na hapo ilipo iko nje nje, kwahiyo himoglobini ikishaachia oksijeni ile valini inajibana kwenye himoglobini ya jirani, na hiyo kwa nyingine, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu zinaikunja chembe nzima kama mundu. Zikiziba mishipa midogo ya vidole ndio ule uvimbe tuliouona. Tena chembe hizo zinaishi siku 10 mpaka 20 tu, wakati za kawaida zinafika 120. Mwanasayansi Vernon Ingram aligundua hiyo shanga moja pale Cambridge, Uingereza, miaka ya 1950, kwahiyo sio habari ya jana.

Na kwanini mtoto alizaliwa mzima? Kwa sababu mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini nyingine, badala ya beta ina mkufu unaoitwa gama, na huo hauna ile kasoro. Akizaliwa anakuja nayo, inamlinda miezi ya mwanzo, halafu inapungua taratibu na ya beta inachukua nafasi. Maziwa ya dada hayahusiki hapo hata tone.

Kuhusu ukoo, S kwenye majibu ni urithi wa hiyo beta yenye kasoro, na A ni wa ile ya kawaida (sio ile A ya herufi za DNA), na mtoto hawi SS mpaka apokee S kwa mama na S kwa baba. Shemeji aligoma kupima miezi miwili, siku aliyokubali karatasi ikatoka AS, dada naye AS. Wote wazima, hawajawahi kuumwa, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kutoka SS. Mama mkwe aliishika ile karatasi kimya muda mrefu, mwisho akaniuliza, "hiyo S moja ni ya kwetu?" Nikamwambia ndiyo mama, moja ya kwenu na moja ya kwetu, na hakuna aliyekosea. Nikamweleza pia kwamba mtafiti Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa utafiti alioufanya huku huku Afrika Mashariki, kuwa mwenye AS anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndio maana S imejaa sana pwani na kando ya ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Inawezekana kabisa bibi zake walipona utotoni kwa sababu ya hiyo S.

Ombi langu mhariri, ukurasa wa afya uchore huo mkufu, shanga ya 6 iwe na rangi tofauti, na pembeni baba na mama kila mmoja ameshika S yake. Likitoka nitanunua nakala mbili, moja ya dada na moja ya mama mkwe wake.

Mjomba wa mtoto,
Tanga