Mikutano ya shehia ianzie nyuma

Ndugu Mhariri,

Mkutano wa shehia huku kwetu Wete mpango wake ni ule ule: sheha afungue, mgeni rasmi aseme, wazee waseme, kisha tuulizwe, "Kuna la ziada?" Adhana ya adhuhuri nayo inakaribia. Juzi mada ilikuwa mwani. Akina mama wanaoulima walikaa nyuma kwenye jamvi wakinong'onezana mambo ya maana kuliko ya mbele: kutengeneza sabuni ya mwani, na kuupanda kwenye kina kirefu kwa kuwa maji ya ufukweni yamezidi joto. Hakuna aliyeyaandika.

Si Pemba tu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliona watu wanne wakifikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakaunganishwa baadaye, hutoa mengi kuliko wanne waliokaa pamoja. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionesha sababu kubwa: mmoja akisema, wengine wanangoja zamu, na wazo linakwama.

Basi tugawanywe vikundi vidogo kwanza, asiyejua kuandika aandikiwe, wakubwa waseme mwisho. Mgeni rasmi asikilize. Chai yake ataipata tu.

Mkulima wa mwani,
Wete, Pemba