Yah: Seti yenu ya kutengeneza madubwana ya jeli, na maneno aliyoambiwa mwanangu

Kwa Meneja, Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Nimejizuia siku 5 ili niandike barua hii kwa adabu. Namba ya oda mnayo. Risiti mnayo. Picha mmeniomba mara 3 na nimezituma mara 3. Masharti yenu ya kubadilisha bidhaa yenye kasoro mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo sina haja ya kuwasomea.

Niende kwenye jambo lenyewe. Jumamosi asubuhi, mwanangu wa kike mwenye miaka 7 akiwa amesimama pembeni yangu, mhudumu wenu alisema kwenye simu: “Mpe udongo achezee. Vitu vya akili si vya kila mtoto.” Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa rojo ya kijani. Mtoto alisikia kila neno.

Nilipiga simu ile kuomba kitu kimoja tu: pakiti 1 ya chumvi.

Boksi linasema seti ina pakiti 3 za chumvi ya kalsiamu, ile inayotiwa kwenye maji ili jeli ikaze. Tulikuta 2. Na kati ya hizo 2, moja ilikuwa imeachia pembeni, na chumvi ndani yake imegeuka bonge la majimaji, linanata kwenye plastiki. Kwa nje boksi lilikuwa zima na utepe wake haujaguswa, kwa hiyo msiniambie ni mambo ya usafirishaji. Pakiti ile ilifungwa vibaya kwenu.

Wanangu wawili walisubiri siku ile kwa hamu ambayo ni mzazi tu anaielewa. Karatasi yenu inasema mtoto achore kwanza dubwana lake kabla ya kuchagua kalibu, nao wakachora. Kaka mtu alichora lenye mapembe. Mdogo alikaa na mchoro wake jioni 2 mfululizo: macho 3, miguu mifupi, mkia uliojikunja, na hakuna mdomo. Nilipomuuliza mdomo uko wapi, akanijibu kwamba dubwana lake kazi yake ni kusikiliza.

Nami nilifuata karatasi yenu mstari kwa mstari. Rojo ilikorogwa, ikaachwa itulie mapovu yapande juu, ikamiminwa kwenye kalibu. Pakiti nzima tuliitumia kwa dubwana la kaka. Chumvi ilipoingia kwenye maji, beseni likaanza kupata joto, na mdogo akarusha mkono nyuma kwa hofu. Chumvi hii hutoa joto inapoyeyuka, ni jambo la kawaida, lakini hamkuandika neno hata moja la kumwandaa mtoto. Hamkuandika pia kwamba inawasha kwenye mchubuko. Kaka mtu ana mchubuko kidoleni, akaugundua ukweli huo kwa machozi. Glavu mlizoweka ni za mkono wa mtu mzima. Zilimvuka kabla hajashika kitu. Boksi linasema miaka 6 na kuendelea, karatasi ya ndani inasema miaka 8. Chagueni moja.

Hata hivyo dubwana la kaka lilitoka zima. Nalisema kwa haki. Lilikaa kiganjani linatikisika, linateleza, ngozi yake imekaza na ndani bado laini, na watoto wote wawili walipiga kelele za furaha mpaka nikacheka nao. Kwa hiyo najua seti yenu ikiwa kamili inafanya kazi. Ndiyo maana nina hasira.

Ikaja zamu ya mdogo, na pakiti iliyobaki ilikuwa ile ya majimaji. Nilikamua nilichoweza. Tukazamisha kalibu, tukahesabu dakika zenu, tukaongeza nyingine 10. Alipoligeuza kalibu, dubwana lilishika ngozi nyembamba mno, kama utando, likapasuka shingoni. Macho yote 3 yakatumbukia chini ya beseni. Rojo ya kijani ikamwagika mezani, ikashuka kwenye zulia. Mmeandika kwamba rangi inatoka kwa maji. Leo ni siku ya 5, nimesugua kwa maji na sabuni, na doa liko pale pale, ukubwa wa sahani.

Mtoto hakulia. Alisema, “Mama, wapigie, watatuma nyingine.” Aliwaamini.

Jumatatu nilipokea barua pepe yenu kwamba malalamiko yangu “yanashughulikiwa”. Jumanne mtu mwingine akaniomba picha. Jumatano mwingine tena akaniuliza kama nina uhakika nilifuata maelekezo. Hakuna hata mmoja aliyegusia simu ile, ingawa niliieleza tangu barua ya kwanza. Kwa hiyo narudia, na safari hii naeleza yote, msije mkasema hamkuelewa.

Nilisubiri kwenye laini dakika 25. Mhudumu alipopokea nilimwamkia, nikamwambia, “Dada yangu, nisaidie, pakiti moja ya chumvi imeharibika na nyingine haipo kabisa.” Akaniuliza nimemkabidhi nani kazi ya kuchanganya. Nikamjibu kwamba tumechanganya pamoja, mimi na wanangu. Akauliza umri wa mtoto. Nikasema 7. Hapo nikasikia amefunika simu, lakini hakuifunika vizuri, akamwambia mwenzake kitu, wakacheka wote wawili. Akarudi. Hakuuliza namba ya oda. Hakuuliza pakiti imeharibika vipi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo: “Mama, mpe udongo achezee. Vitu vya akili si vya kila mtoto.” Kabla sijafungua kinywa, akakata.

Mwanangu alikuwa ameshika mchoro wake wakati huo. Alikuwa ameuleta amwonyeshe “dada wa kwenye simu”, kwa vile hakujua kwamba kwenye simu hauonekani. Aliukunja mara 2, akaenda kunawa mikono bila kuambiwa, akarudi akapanga kalibu na vijiko ndani ya boksi, kimoja kimoja, akafunga mfuniko. Kisha akaniuliza: “Mama, vitu vya akili ni vya watoto gani?”

Nawauliza nyinyi, Ndugu Meneja. Ni vya watoto gani? Maana kwenye boksi mmeweka picha ya mtoto wa rika lake anacheka, na kuandika kwamba kila mtoto ni mvumbuzi.

Baada ya simu ile nilikaa nikasoma, nikitaka kujua kama kweli kosa lilikuwa letu. Rojo yenu inatokana na mwani. Inapokutana na kalsiamu, nyuzi zake hushikana na ngozi ikajijenga kuanzia nje kwenda ndani. Kalsiamu ikipungua, ngozi haikazi, na dubwana linapasuka hata kama mikono iliyolishika ni ya profesa. Na chumvi hii ya kalsiamu kloridi huvuta unyevu wa hewani mpaka inayeyuka yenyewe, ndiyo sababu pakiti yake lazima izibwe sawasawa. Mambo haya mnayafahamu, maana bidhaa ni yenu. Mhudumu wenu angeuliza swali moja tu angelijua tatizo kwa dakika 1. Mtoto wangu hakukosea hata hatua moja. Aliyekosea ni aliyefunga pakiti, na aliyepokea simu.

Sasa madai yangu. Jumamosi asubuhi nilitaka pakiti ya chumvi, na mngenitumia yangeishia hapo. Jumatatu nilidai seti mpya. Leo sitaki seti yenu. Nataka fedha yangu yote pamoja na gharama ya kusafirishiwa, na nataka mlipie kusafishwa kwa zulia, au zulia lenyewe kama doa litagoma. Hilo halina mjadala.

Nataka pia barua ya kuomba radhi. Isiandikwe kwangu, iandikwe kwa mwanangu, na imweleze wazi kwamba pakiti ilikuwa mbovu na kwamba yeye alifanya kila kitu vizuri. Barua hiyo isainiwe na wewe Meneja mwenyewe. Nimesoma za aina ile ya “tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza”. Hiyo msinitumie, nitairudisha.

Simu zenu hurekodiwa, mnasema wenyewe kabla ya mhudumu kupokea. Isikilizeni ya Jumamosi, kuanzia saa 4 na nusu asubuhi. Msikie kicheko. Mkishasikia, niandikieni mmechukua hatua gani, kwa sababu mtu anayedharau watoto hafai kukaa kwenye laini ya kampuni inayouza vitu vya watoto. Na rekodi hiyo msiifute. Nimeshawaomba kwa maandishi iwekwe, na tarehe ya ombi langu ninayo.

Kagueni pia mzigo mzima uliotoka na seti yangu, maana pakiti ikiachia kwangu imeachia na kwa wengine, na kuna watoto wengine wameaminishwa kwamba mikono yao ndiyo mibovu. Rekebisheni karatasi ya maelekezo: joto, mchubuko, umri, glavu. Mlikuwa mnaweza kunifanya nishukuru kwa kuwaambia haya.

Nawapa siku 7 tangu tarehe ya kupokea barua hii. Nilifikiria 14, lakini zile 5 mlizozitumia kuniomba picha nimezihesabu. Zikipita, barua hii pamoja na picha, pakiti iliyoachia niliyoihifadhi kwenye mfuko uliozibwa, na majibu yenu yote vitakwenda kwa mamlaka inayomlinda mtumiaji na kwa wale wanaopima usalama wa vitu vya kuchezea. Kisha nitamwona wakili. Sitishii ili mnibembeleze. Nimeshaandika bahasha.

Kuhusu jibu lenu, msinipigie simu. Liandikeni, kwa Kiswahili chepesi, kwa maana atakayelisoma kwanza ana miaka 7 na amejifunza kusoma vizuri.

Wenu,
Mteja, na mama yake yule mtoto