Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kati ya Karatasi na Simu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wachora vibonzo,

Nianze na deni la kitabu, maana ndilo mnalolisubiri. Kitabu chetu cha pamoja cha vibonzo kilitoka, lakini nakala nyingi bado zimo kwenye maboksi nyumbani kwa mweka hazina, na mkewe ameshaanza kuuliza zitaondoka lini. Tulizipeleka kwenye vibanda vya magazeti kwa mali kauli. Mwenye kibanda zisipouzwa hapotezi kitu, kwa hiyo alizitundika siku mbili tatu, kisha zikafunikwa na magazeti ya michezo.

Makosa mengine ni yetu. Tulipeleka kiwandani kurasa 30. Kitabu cha kupigwa pini katikati, kurasa zake lazima zigawanyike kwa 4, basi tukalipia 32, mbili zikiwa tupu. Zingetosha kabisa hadithi fupi ya mwanachama mpya. Rangi nazo: skrini hutoa rangi kwa mwanga, mashine huchapa kwa wino wa rangi 4. Samawati iliyokuwa ikiwaka kwenye simu ikatoka kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima. Nakala ya majaribio hatukuomba; mimi ndiye niliyesema tusipoteze muda.

Mtandaoni hadithi zilezile zilifika mbali, hela haikurudi. Zimezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jina la mchoraji likiwa limekatwa. Kuanzia sasa sahihi ikae ndani ya fremu, yaani kisanduku cha mchoro, karibu na uso wa mhusika, si pembezoni. Picha nazo zipunguzwe uzito. Mwenye bando la siku hatasubiri.

Wapo wanaotaka tuachane na karatasi. Sikubali. Wengi wetu tulijifunza kuchora kwa kunakili wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa kutoka jarida la vibonzo la Sani, toleo moja likizunguka mtaa mzima hadi jalada linang'oka. Wengine mnanitajia Shujaaz, hadithi za vibonzo za Kenya, iliyoanza 2010 ikiingizwa ndani ya gazeti na kusomwa bure. Ile ilikuwa na wafadhili. Sisi tuna ada zenu, na wasiolipa wanajijua.

Kamati inapendekeza hadithi itoke kwanza kwenye simu, kipande kwa kipande. Ikiisha tupokee oda zilizokwisha kulipiwa, ndipo tuchape idadi hiyo na ziada kidogo ya kuuza kwenye matamasha. Ugumu uko kwenye mchoro wenyewe. Hadithi ya kuteremsha kwa kidole, fremu chini ya fremu, haiwi ukurasa wa kitabu bila kuchorwa upya. Basi tuchore fremu za upana mmoja, zinazoweza kupangwa mbilimbili, na maneno ya kwenye viputo yasomeke hata yakipunguzwa. Najua baadhi yenu mtaona tunawafunga mikono. Hoja hiyo tumeitengea saa nzima kabla ya uchaguzi.

Maboksi mawili yako mlangoni. Bei ya mwanachama ni nusu, na mweka hazina hakopeshi.