Barua kwa Ombati wa Tabaka

Kisumu

Kwako ndugu Ombati,

Salamu nyingi. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi nilirudi salama kutoka kwa dada yangu London. Habari za baridi na nauli zitangoja, maana kuna sanamu niliyoiona huko na sijapata wa kumweleza akanielewa ila wewe mchongaji.

Iko Battersea Park, kando ya ziwa dogo. Ni ya bronzi, kimo chake karibu mita 3, haina kichwa wala mikono: bamba nene lililosimama wima, kingo zake zimepindapinda, na upande wa juu limetobolewa tundu la mviringo. Kwanza nilitafuta uso. Tumezoea hivyo, Tom Mboya pale Moi Avenue, Nairobi, anatambulika na kila mpita njia. Nilipoukosa nikaanza kuizunguka. Kwa mbele ni pana kama ngao, ukienda ubavuni inapungua hadi unabaki ukingo tu. Tundu nalo mara lina mawingu, mara majani ya mti, mara halina kitu. Dada alichoka kuningoja.

Aliyeiunda ni Barbara Hepworth, Mwingereza, kati ya 1961 na 1962. Ni ukumbusho wa rafiki yake Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa amefariki Septemba 1961, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akiwa safarini kutafuta amani ya Kongo. Umbo hilohilo, lenye kimo cha zaidi ya mita 6, liliwekwa New York kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1964. Kumbe nilikuwa nimesimama mbele ya msiba uliotokea huku kwetu Afrika! Nikarudi kulitazama lile tundu, na safari hii machozi yalinilenga.

Hili nalo utalipenda. Hepworth alizoea kupaka plasta juu ya kiunzi, ikikauka anaichonga na kuikwangua kwa mkono, ndipo mafundi wa kalibu wanamimina bronzi. Kwa hiyo hata katika bronzi ni kazi ya mchongaji, mwenzako.

Tangu nirudi nawaza ya Oktoba 1969, watu waliopigwa risasi hapa Kisumu siku ya kufunguliwa hospitali tunayoiita Russia. Ukiambiwa uwachongee sanamu, utachonga uso wa nani? Mimi naona umbo kama lile ndilo lingewafaa, likae mahali pa wazi, kila familia isimame mbele yake na mtu wake moyoni. Bronzi hatutaiweza kwa bei. Jiwe lenu la sabuni huko Tabaka, Kisii, lipo, na Elkana Ong'esa alikwisha kuufikisha uchongaji wa Kisii hadi UNESCO, Paris, kwa yule Ndege wake wa Amani. Najua utaniambia jiwe la Tabaka ni laini, litachubuliwa na watoto wakilipanda. Hilo tutalijadili tukionana.

Kwa sasa nitafutie kipande kisicho na ufa, kimo cha goti, nitalipa mimi. Acha viboko na twiga wa wateja kidogo. Kitoboe pale jicho lako litakapokuambia, na usikisugue kwa msasa kabla sijafika. Nataka kuziona alama za patasi. Nitakuja mwisho wa mwezi, nikishuka Kisii nitakupigia simu.

Wako,
Odhiambo