Barua ya malalamiko: Sasisho nisiloliomba limetung'olea Kitonga

Mwanjelwa,
Mbeya.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Gemu za Kompyuta.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SASISHO LA LAZIMA KWENYE GEMU YENYE MODI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa muda mrefu. Gemu ya kuendesha mabasi niliinunua dukani kwenu kwa fedha halali, si ile ya kukopiwa kwenye flashi kama zilivyojaa huku mtaani, na risiti ipo kwenye akaunti yangu. Ninalalamika kwa sababu mnaibadilisha bila ridhaa yangu, na nikitafuta mahali pa kukataa sipaoni.

Kama mlivyoiuza, gemu hiyo ina miji ya Ulaya tu. Mpwa wangu na wenzake hapa mtaani wameiongezea modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji huzitengeneza wenyewe: barabara ya TANZAM kutoka stendi ya Nane Nane hadi Ruaha Mbuyuni. Uyole ipo, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga zipo. Ilula wameweka matenga ya nyanya kando ya lami. Mteremko wa Kitonga wameuchonga kona kwa kona, na ukiteremka na gia kubwa breki zinashika moto hadi unahisi basi linakushinda. Hata sauti ya konda akigonga bodi kuruhusu gari liondoke ni ya mpwa wangu mwenyewe. Aliirekodi kwa simu akipiga mlango wa bati wa duka langu, jirani akatoka nje kuuliza kuna nini.

Sasa sasisho lenu. Liliingia mchana wa siku ya kazi, na kompyuta hiyo ndiyo ya ofisi. Nina steshenari: nachapa, natoa kopi, nawajazia vijana fomu za mtandaoni. Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB lilikuwa ukingoni kufungwa. Binti ameketi mbele yangu tunapandisha cheti chake cha kuzaliwa, na kale kaduara kanazunguka tu. Nikasogeza rauta hadi dirishani, wapi. Kumbe programu ya duka lenu, inayojifungua yenyewe kila kompyuta ikiwashwa, ilikuwa inavuta magigabaiti ya gemu kwa bando la ofisi. Bando likakata kabla cheti hakijapanda. Nikanunua jingine kwa hela yangu, maana yule binti hakuwa na kosa lolote.

Jioni tukafungua gemu. Modi ya ramani ikagoma. Basi lililolazwa Makambako likajikuta kwenye gereji ya mji wa Ulaya tusioujua, limekuwa jeupe, maandishi ya kioo cha nyuma hayapo. Mpwa wangu akakodoa macho, akasema, "Mjomba, barabara yote haipo." Nikasoma maelezo ya sasisho: limerekebisha vivuli vya miti na kuongeza kitufe cha kununulia rangi za mabasi. Basi. Hayo ndiyo yaliyotung'olea Kitonga.

Mafundi wenu wanajua kwa nini inakuwa hivyo, lakini nieleze ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba modi zetu ni mbovu. Kiunganishi, yaani programu ndogo inayozishikiza modi kwenye gemu, kinategemea mahali hasa kila kitu kilipo ndani ya faili kuu la gemu. Faili hilo likijengwa upya, hata kwa ajili ya kitufe kimoja, vitu vinahama, na kiunganishi kinagonga ukuta. Anayekitengeneza ni mtu wa kujitolea, hana mshahara wenu, na mpaka apate nafasi ya kukifuata mlikohamia wiki zinakatika. Na safari iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya mara nyingi haifunguki kwenye la zamani, kwa hiyo ukikosea ukabonyeza "hifadhi" huna pa kurudi.

Msiseme hamkujua madhara yake. Gemu ya Fallout 4 ilipewa sasisho kubwa tarehe 25 Aprili 2024. Fallout: London, modi kubwa ya gemu hiyo iliyotengenezwa na timu ya kujitolea, ilikuwa itoke siku mbili kabla. Waliahirisha kwa sababu ya sasisho hilo, ikaja kutoka 25 Julai, na hata hapo wachezaji ilibidi kwanza wairudishe gemu kwenye toleo la nyuma. Timu iliyofanya kazi kwa miaka ilikwamishwa na jambo ambalo haikuulizwa.

Kwenye mipangilio yenu kuna chaguo la kusasisha "pale tu ninapofungua gemu". Hilo si kukataa, ni kuahirisha. Nikitaka kucheza, lazima kwanza nikubali. Nikinunua shati sokoni Mwanjelwa, muuzaji haji usiku kunibadilishia vifungo, wala hanizuii kulivaa mpaka nikubali vifungo vipya. Nikiwauliza watu wenu wa msaada wananiambia nikate intaneti. Nikate intaneti kwenye steshenari? Matokeo ya NECTA nitayatoa wapi, kwenye daftari?

Kwa hiyo nimebaki kuishi kwa ujanja. Gemu naifungua moja kwa moja kwenye folda yake, bila kupitia duka lenu. Lile faili dogo la maandishi ambamo programu yenu inaandika toleo lililopo nimelifunga lisomeke tu, lisiandikike. Nakala ya folda nzima ninayo kwenye diski ya pembeni. Hizo ni mbinu za kufungia nyumba dhidi ya mwizi, nami nazitumia dhidi ya duka nililolipa.

Siwalaumu kwa kila sasisho. Gemu ya kuchezwa na watu wengi mtandaoni lazima wote wawe toleo moja, vinginevyo hawaonani, na palipo na tundu la usalama heri lizibwe haraka. Lakini hii ni ya mtu mmoja na basi lake. Nikibaki toleo la mwaka juzi, nani anaumia?

Wala siombi maajabu. Duka la GOG la kule Poland linakuachia uzime masasisho, na linakuruhusu kurudi toleo la nyuma. Waliotengeneza Euro Truck Simulator 2, kule Cheki, wanaacha matoleo ya zamani kwenye orodha, mwenye ramani yake anachagua linalomfaa. Inawezekana, ni nia tu.

Ninachotaka ni kitufe cha "usisasishe" kinachomaanisha hivyo, kikae palepale mpaka mimi mwenyewe nikiondoe. Kabla ya kuvuta chochote, programu yenu iniambie ni gigabaiti ngapi na isubiri jibu langu. Huku bando tunanunua kwa kuhesabu. Modi ninazozichukua dukani kwenu nazo ziwe na kufuli hilohilo, kwa sababu zinajibadilisha kimyakimya na moja ikibadilika inaangusha nyingine tatu. La haraka kuliko yote, nirudishieni lile toleo la kabla ya kitufe cha rangi za mabasi, kwa njia halali, kwenye akaunti yangu. Mpwa wangu anajiandaa kurudi shule ya bweni, na kona za mwisho za Kitonga alitaka azimalize kabla ya kuondoka.

Fidia ya bando siidai, ingawa nikiidai sitakuwa nimekosea.

Nasubiri majibu kupitia barua pepe niliyosajilia akaunti. Ninaomba lisiwe lile jibu lenu la kila siku, kwamba nifute gemu kisha niipakue upya. Nikiipakua upya nitaletewa toleo hilihili ninalolilalamikia.

Wako,
Mteja, mwenye steshenari,
Mwanjelwa, Mbeya.