Fugazi walijitegemea kwenye hesabu, siyo kwenye nywele

Mhariri,

Salaam nyingi. Makala yenu ya panki, yaani rock ya kasi na kelele, kwenye ukurasa wa burudani nimeisoma yote na nashukuru sana kuona gazeti la Kiswahili limeupa huu muziki nafasi, ila imeniuma maana imeishia kwenye nywele, pini za masikioni na kelele, halafu Fugazi wa Washington wakapewa mstari mmoja, "bendi ya kujitegemea", basi. Walijitegemeaje? Ndo utamu wenyewe upo hapo, naomba nijazie.

Hadithi inaanza kabla ya Fugazi. Ian MacKaye na Jeff Nelson walikuwa kwenye bendi ya vijana wadogo kabisa iliyoitwa Teen Idles, na ilipovunjika mwaka 1980 walikuwa na akiba ya dola kama 600 hivi za kwenye shoo. Wangeweza kugawana kila mtu akala chake. Badala yake wakatoa santuri, na kwa kuwa hakuna kampuni ya kuitoa wakaanzisha lebo yao wenyewe, Dischord. Kava je? Walichukua kava la santuri ndogo iliyotoka Uingereza, wakalibandua gundi mpaka likalala wazi mezani, wakaiga umbo lake, wakapeleka kuchapisha, kisha wakakaa na washkaji zao na mikasi na gundi wanakata, wanakunja, wanabandika, moja baada ya nyingine, kwa santuri 1,000 za kwanza. Mimi hapo huwa narudia kusoma kila mara. Watoto wa sekondari wanajifunza kiwanda kwa kukifumua.

Na mtu asije akadhani ni muziki wa Wazungu peke yao. Pale pale Washington bendi ya Bad Brains, vijana weusi walioanza kwa kupiga jazz ya kisasa kabla hawajageukia panki na baadaye reggae, ndo waliowaonyesha hao watoto kasi na nidhamu ya kupiga ala. Makala yenu haikuwataja kabisa, na hili naomba mlirekebishe siku moja.

Basi, MacKaye akapita kwenye bendi nyingine, Minor Threat, ikavunjika 1983, na ilipofika 1987 Fugazi ikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, tarehe 3 Septemba, ukumbi wa Wilson Center. MacKaye kwenye gitaa na kuimba, Joe Lally kwenye besi, Brendan Canty kwenye drams, na muda si mrefu Guy Picciotto akaingia kuimba na baadaye gitaa la pili. Hao wanne hawakubadilika mpaka mwisho.

Sasa kiingilio. Kwa miaka mingi shoo ya Fugazi ilikuwa dola 5, na watu wakisikia hivyo wanadhani ni huruma au maringo ya kujifanya maskini, kumbe ni hesabu. Hawakuwa na meneja, MacKaye ndo alikuwa anapiga simu mwenyewe kutafuta kumbi na kupatana na mapromota. Walisafiri na gari lao, miaka ya mwanzo wanalala sebuleni kwa watu, vyombo wanabeba wenyewe. Matangazo makubwa hakuna, tisheti za bendi hawakuuza hata moja (zilizokuwepo mitaani zilikuwa za watu wengine). Ukitoa gharama zote hizo dola 5 zinatosha, na ukumbi unajaa maana kila mwenye dola 5 anaingia. Ila bei hiyo ilikuwa inawabana wao kabla haijambana promota, na hapo ndo naona ukweli wao.

Halafu sharti la pili: kila mtu aingie, hata mtoto wa miaka 14. Kule Marekani aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuuziwa pombe, na klabu nyingi zinaishi kwa mauzo ya baa, kwa hiyo kijana mdogo anabaki nje. Fugazi wakawa wanatafuta kumbi za makanisa, za jamii, za michezo, popote penye umeme na mlango. Na ndani hawakutaka watu waumizane. Mtu akianza kurusha ngumi au kukanyaga wenzake wimbo unasimamishwa, anaambiwa kwa adabu kabisa aache, akiendelea anatolewa na kurudishiwa hela yake, dola 5 ndani ya bahasha. Bahasha ziliandaliwa kabla. Yani hata kumfukuza mtu walikuwa wamekuweka kwenye bajeti!

Baada ya bendi ya Nirvana kulipuka mwaka 1991, kampuni kubwa zilizagaa kila kona kutafuta bendi za namna hiyo. Mwaka 1993 Ahmet Ertegun mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni kubwa ya muziki ya Atlantic, mzee aliyefanya kazi na Ray Charles, aliwafuata nyuma ya jukwaa New York. Wakakataa. Na watu wanaosema walikataa kwa kiburi wangeangalia walivyotengeneza albamu ya In on the Kill Taker, iliyotoka mwaka huo huo: walikwenda Chicago kurekodi na Steve Albini, fundi wa kurekodi aliyeheshimika kuliko wengi, wakarudi nyumbani, wakasikiliza, wakaona haijakaa sawa, wakaiweka pembeni wakaenda kurekodi upya Inner Ear, studio ya Don Zientara pale Arlington ambayo ilianzia nyumbani kwake. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Hela yao, muda wao, lebo yao. Albamu ikaingia kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, bila msaada wa kampuni yoyote kubwa, na bendi nyingine za Dischord zilikuwa zinafanya kazi na lebo bila mkataba wa maandishi, wakilipana faida baada ya gharama.

Nyumbani Washington walipiga kwa ajili ya michango, maandamano, au bure kabisa. Mwisho wa 1990 walipiga ndani ya gereza la Lorton, na Januari 1991 wakasimama kwenye baridi mbele ya Ikulu ya Marekani kupinga vita ya Ghuba. Mpaka wanasimama Novemba 2002, shoo ya mwisho London, walikuwa wamepiga zaidi ya mara 1,000. Hawajawahi kutangaza kuvunjika, walikuwa na familia na mambo ya nyumbani, wakapumzika. Fundi wao wa sauti alikuwa anarekodi karibu kila usiku, na kuanzia 2011 rekodi za shoo zaidi ya 800 zimekuwa zikiwekwa mtandaoni, bei inayopendekezwa ni ile ile dola 5.

Mhariri, nimeandika kirefu kwa sababu kila wiki ukurasa wenu unahoji wasanii wetu vijana na maswali ni gari, nguo na nani anatoka na nani. Wapo vijana wamesaini karatasi hawajasomewa na leo nyimbo zao wenyewe hawawezi kuziimba, nawajua, na si haki. Waulizeni masta, yaani rekodi asili ya wimbo, inamilikiwa na nani, kiingilio kapanga nani, na mwanafunzi wa sekondari anaingiaje kwenye shoo yenu inayoanza saa 5 usiku kwenye baa. Na hiyo makala ya Bad Brains naisubiri kwa hamu, picha zao zipo nyingi, msikose ukurasa mzima.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam