Wanawake wa sanaa za ufundi wanahitaji jamaa wa kuwashika mkono

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Machi 8 kurasa zenu za utamaduni hujaa picha za maonesho ya wachoraji wanawake. Nawashukuru kwa hilo, tena kwa dhati, maana baadhi ya fremu zinazoonekana humo nimezikata na kuzigonga mimi. Nina karakana ndogo Mwananyamala. Natengeneza fremu, navuta turubai, na nikiitwa naenda kutundika kazi ukutani. Maonesho ya Machi tunayo. Ninacholilia ni mtandao wa kudumu wa wanawake walioajiriwa au kujiajiri katika sanaa za ufundi: wachoraji, wafinyanzi, wapanga maonesho, mameneja wa galari, walimu, na hata sisi mafundi. Mtandao utakaotutoa kwenye kuta za watu na kutufikisha kwenye meza ambako hizo kuta hugawanywa.

Wapo watakaosema kipaji hujiuza chenyewe. Wanaume waliotutangulia katika fani hii hawakuuza kipaji kwa namna hiyo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora kwenye hardibodi hapa Dar es Salaam mwaka 1968, waliokaa naye chini kujifunza wengi walikuwa ndugu na jamaa zake wa Kusini. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, wao ndio walioendelea kuchora na kuuza pale Oysterbay, hadi ukaundwa ushirika mwaka 1990. Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alipoanzisha Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar es Salaam, mmoja wa waliopita mlango ule alikuwa George Lilanga, ambaye baadaye kazi zake za mashetani wa Kimakonde zilifika Ulaya na Marekani. Aliingia kama mlinzi wa usiku. Aliyemtafutia kazi hiyo ni jamaa yake, Augustino Malaba, mchongaji aliyekuwa ndani tayari.

Malaba alifanya jambo jema na ninamheshimu kwalo. Lakini tujiulize: binti mwenye mkono kama wa Lilanga, aliyetoka Kusini miaka ileile, angeombewa na nani? Lindo la usiku asingepewa. Jamaa aliye ndani hakuwa naye. Mlango ulikuwa mmoja, na ulifunguliwa kwa undugu wa kiume.

Mfano wa mwanamke tunao, jirani tu. Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa ya Makerere, kati ya 1950 na 1952. Alipomaliza alirudi kwao akafundisha shule, akalea, miaka ikapita zaidi ya thelathini. Sioni mahali panaposema kipaji kilimwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribishwa Paa ya Paa, kituo cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1965 na watu kadhaa akiwemo Mtanzania mwenzetu Elimo Njau, naye akaanza kubandika picha kwa vipande vya magazeti na karatasi za kufungia bidhaa za dukani. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa New York, katika jumba la Studio Museum in Harlem. Alifariki mwaka 2021 akiwa na zaidi ya miaka tisini. Kila nikimfikiria nahesabu ile miaka thelathini na ushei ya katikati, na picha ambazo hatutaziona kamwe.

Mimi nayaona haya kwa sura yake ya leo. Wachoraji watatu, wote wanawake, wote wateja wangu, waliacha kazi zao kwa mali kauli kwenye hoteli moja hapa mjini. Kila mmoja kwa wakati wake, hakuna karatasi, hakuna hati ya makabidhiano. Meneja akabadilika, picha hazikuonekana, pesa hazikulipwa. Walikuja kujuana kwenye benchi la karakana yangu, wakisubiri fremu, na mazungumzo yakafika kwenye ile hoteli. Yule wa kwanza alikuwa amenyamaza kwa aibu, akidhani ni uzembe wake peke yake. Angekuwa na mahali pa kusema, wa pili na wa tatu wangepona. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijaimaliza.

Kuna na suala la saa. Ufunguzi wa maonesho hufanyika jioni, na upande wa Masaki mambo hunoga saa tatu usiku. Hotuba zikiisha, ndipo mwenye galari anapomtambulisha mchoraji kwa mnunuzi, ndipo mtu wa ubalozi anapotaja kwamba kuna nafasi ya miezi mitatu nje ya nchi na anatafuta jina la kupeleka. Muda huo wachoraji wengi wanawake ninaowafahamu wameshapanda daladala, kwa sababu ya watoto, ya wakwe, ya vichochoro visivyo na taa. Asubuhi wanasikia kwamba jina limeshapatikana. Hakuna aliyewafukuza. Lakini matokeo ni yaleyale kila mwaka, na ukiangalia nani anasaini mikataba, nani anapanga bei, nani anaamua galari ichukue asilimia 40 au 50 ya mauzo, unaelewa yameanzia wapi.

Mwaka ule aliokufa Tingatinga, wanawake ishirini jijini New York walichoka na galari zisizowapokea, wakafungua yao. Iliitwa A.I.R., katika mtaa wa Wooster. Walisimamisha kuta kwa mikono yao, wakatoa ada, wakagawana kazi za kuiendesha. Mmoja wao, Howardena Pindell, mchoraji mweusi, alikuwa ameajiriwa tangu 1967 katika jumba kubwa la sanaa ya kisasa la jiji hilo, MoMA. Kwa hiyo ujuzi wa ndani ya jumba ulikuwa ukikaa meza moja na ujuzi wa karakana. Hilo ndilo ninalolitamani kuliko jingine lolote. Na si kwamba walikuwa malaika. Wengi wao walikuwa Wazungu, na mwaka 1980 ikabidi Ana Mendieta wa Cuba, Kazuko Miyamoto wa Japani na Zarina wa India waandae humohumo onesho la wanawake waliotoka Dunia ya Tatu, ili wenzao wawaone. Siku hizi A.I.R. ipo Brooklyn, na imewafungulia mlango pia wasiojitambulisha kama wanawake wala wanaume. Najua hapa kwetu jambo hilo linazua ukali. Naliandika kwa sababu chama kilichoanzishwa na waliofungiwa nje kina wajibu wa kuuliza kila mara ni nani mwingine bado yuko nje.

Tena si Marekani tu. Koyo Kouoh, mpanga maonesho mzaliwa wa Douala, Cameroon, alianzisha kituo cha sanaa cha RAW Material Company Dakar mwaka 2008, akaenda kuongoza jumba la sanaa la Zeitz MOCAA la Cape Town mwaka 2019, kisha akateuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuongoza Biennale ya sanaa ya Venice, lile onesho kubwa la kimataifa kule Italia, la mwaka 2026. Mei 2025 akafariki ghafla. Waandaaji walitangaza kwamba onesho litafanyika kama alivyolipanga, kwa mikono ya wasaidizi aliowachagua mwenyewe. Nilipoisoma habari ile nililia, halafu nikatafakari: mama huyu hakukalia kiti peke yake. Alikuwa na watu aliowaonyesha bajeti, aliowaachia funguo. Hapa kwetu mwanamke mmoja akishika ofisi ya sanaa tunampongeza, halafu akiondoka tunaanza upya kumtafuta mwingine kama vile wa kwanza hajawahi kuwepo.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo, na naomba mnipe nafasi kuyasema hadharani. Tukutane mara moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi, si usiku. Tuchangie kama tunavyochangia vikoba, maana utaratibu wa kikoba kila mwanamke Dar anaujua: mweka hazina, daftari, faini ya kuchelewa. Mfuko huo ulipe hati ya kusafiria ya binti aliyepata mwaliko nje, au nauli ya mfinyanzi anayetoka Pare na vyungu vyake. Daftari jingine liandikwe nani alilipa na nani hakulipa, lisomwe kabla mtu hajaacha kazi yake popote. Tupate mwanasheria mmoja atuandikie mkataba mfupi wa mali kauli, kwa Kiswahili, kila mtu awe na nakala mkobani. Na wale wachache wenye vyeo, pale kituo cha sanaa cha Nafasi, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), Chuo Kikuu, chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo na kwenye galari binafsi, kila mmoja achukue kijana mmoja wa kike akae naye wakati wa kupanga onesho tangu barua ya kwanza hadi kufungasha kazi za kurudisha. Kutundika picha anaweza kujifunza kwangu. Kujibizana na mfadhili kuhusu bajeti hawezi kujifunza kwangu, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kuitwa kwenye kikao hicho.

Nanyi, Ndugu Mhariri, mnaweza kutusaidia kwa jambo dogo: nafasi za kazi na mialiko ya wasanii zinapopatikana, zichapisheni ukurasa uleule wa picha za Machi, kwa mwaka mzima, na tarehe ya mwisho ionekane. Nyingi sasa zinapita kwenye simu za watu wanaojuana.

Mkutano wa kwanza unaweza kufanyika kwangu. Viti vya plastiki naweza kuazima msikitini, chai nitapika. Atakayeona barua hii na yuko kwenye ofisi yenye mamlaka juu ya ukuta wowote wa maonesho mjini hapa, namwomba aje yeye mwenyewe, asitume mwakilishi.

Fundi fremu,
Mwananyamala, Dar es Salaam